Maswali ya bekswingi kwa mnaojifunza gofu Mtwara na Lindi

Haya ni maswali yanayojirudia, mengine naulizwa tukiwa mazoezini, mengine yanaingia WhatsApp usiku watu washakula wametulia. Nimeyaweka pamoja ili mtu akiuliza nimtumie namba ya swali tu. Maelezo yote ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia, yani anakolenga ni upande wake wa kushoto. Wa mashoto swali lenu liko mwisho kabisa, namba 23.

## Mambo ya mwanzo

1. Bekswingi ni nini hasa na kwanini mnaisema sana?

Ni ile kurudisha fimbo kutoka kwenye mpira kwenda nyuma na juu, kabla hujaishusha kupiga. Haigusi mpira lakini ndo inayoamua fimbo itashukia njia gani. Kushuka ni kama robo sekunde tu, kwaiyo ukiwa umerudisha vibaya hamna muda wa kurekebisha, mwili unabahatisha, leo mpira unaenda, kesho hauendi na hujui umebadilisha nini.

Na niseme mapema kitu ambacho majibu mengi huko chini yanarudi hapohapo: bekswingi ni mwili kuzunguka. Mikono inabebwa. Ukilishika hili moja, nusu ya maswali yaliyobaki hutoyauliza.

2. Huku kwetu nitafanyia wapi mazoezi?

Popote, na ndo uzuri wa bekswingi, haihitaji mpira wala majani yaliyokatwa. Uani kwako panatosha kama hamna kamba ya kuanikia nguo juu na watoto hawapiti. Shika fimbo, nyosha mikono, zunguka taratibu pande zote uone haigusi kitu, afu ongeza hatua mbili za usalama kila upande.

Ukitaka kupiga kabisa, uwanja wa mpira wa miguu asubuhi mapema ni sawa, tumia ile mipira ya plastiki yenye matundu. Ufukweni maji yakitoka mchanga unakuwa mgumu na sehemu inakuwa pana, panafaa sana, lakini angalia watu. Kina mama wanaokota chaza na pweza kule mbali, wameinama, jua likiwa usoni kwako huwaoni. Mpira halisi wa gofu una karibu gramu 46 na ni mgumu, ukimpata mtu kichwani unaweza kumuua. Palipo na watu usipige mpira halisi, fanya swingi tupu, yani kuzungusha fimbo bila mpira.

Uwanja kamili wa mashimo 18 wengi wetu tunasubiri safari ya Dar, viwanja vya Lugalo au Gymkhana, kutokea Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 kwenye basi. Sasa usiende kujifunza bekswingi kule wakati umelipia uwanja, iende ikiwa tayari.

3. Nianze na fimbo gani?

Aironi namba 7, ile fimbo ya kichwa cha chuma bapa. Ukipata namba 6 au 8 pia sawa, urefu wake ni wa kati na inasamehe makosa. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, iache kwanza (swali la 12). Kama huna fimbo kabisa chukua mpini wa fagio ukate ufikie kiunoni, kwa kujifunza kuzunguka unatosha.

4. Kushika fimbo kunahusiana nini na bekswingi?

Sana. Ukiibana fimbo kwa nguvu misuli ya mikono inakaza mpaka mabegani, na bega lililokaza halizunguki. Shika kwa vidole zaidi kuliko kiganja, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, ukiangalia chini uone fundo mbili mpaka tatu za vidole vya mkono wa kushoto. Nguvu iwe ya kutosha fimbo isichomoke, basi.

Huku kwetu kuna tatizo la jasho. Kuanzia Novemba joto na unyevu vikipanda mpini unateleza, mtu anaubana bila kujijua, afu analalamika swingi imepotea. Weka kitambaa kikavu kiunoni, futa mikono na mpini kila baada ya swingi kadhaa.

## Mwili unavyozunguka

5. Nianze kurudisha na nini, mikono, mabega au kiuno?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na ndo nitakalokaa nalo.

Wengi wetu tumelima, na mkono uliozoea jembe unataka kunyanyua, yani kitu kinapanda juu moja kwa moja kisha kinashuka chini kwa nguvu. Ukimpa mtu wa hivo fimbo ya gofu anafanya hivohivo, mikono inapanda, mabega yamebaki yanatazama mpira. Inaonekana kama bekswingi maana fimbo iko juu, lakini mwili haujazunguka hata kidogo, na kinachobaki ni kuishusha kwa mikono mitupu.

Sasa fanya hivi. Simama kama unapiga, mgongo umeinama kidogo kutokea kwenye nyonga na sio kwenye kiuno, magoti yamelegea kidogo. Mikono yako na mabega yanatengeneza pembetatu. Anza kurudisha kwa kuzungusha kifua, na ile pembetatu iende yote pamoja, isivunjike. Bega la kushoto linasogea kuja chini ya kidevu, mikono haijafanya kitu chochote cha kwake. Endelea mpaka fimbo imelala sambamba na ardhi, mikono ikiwa usawa wa paja la kulia, SIMAMA HAPO.

Hapo ndo pa kujikagua, na mimi nawaambia watu wakae hapo hata wiki nzima kabla ya kwenda juu. Angalia vitu viwili. Kwanza fimbo inaelekea wapi: iwe sambamba na mstari wa vidole vya miguu yako. Ikiwa imeingia nyuma ya mgongo wako umeizungusha kwa vifundo vya mikono, ikiwa imeenda mbele mbali na wewe umeisukuma. Pili, uso wa fimbo, yani upande unaogonga mpira: uwe umeinama kidogo kuelekea ardhini, ukilingana na ulivyoinamisha mgongo. Ukiwa unatazama mawinguni umeufungua, na huko ndiko mpira wa kukata kulia unakozaliwa (swali la 14).

Kiuno kinafuata chenyewe baada ya kifua, usikianzishe. Ukianza na kiuno mikono inachelewa, inanaswa nyuma.

6. Mabega yazunguke kiasi gani, na kiuno je?

Kwa mtu mwenye mwili laini mabega kama nyuzi 90, kiuno karibu nusu ya hapo, nyuzi 45. Huna haja ya kupima, ukifika juu mgongo wako uwe unatazama unakolenga. Ile tofauti kati ya bega na kiuno ndo mvutano unaousikia tumboni na mgongoni, na huo ndo nguvu yako ya kupiga. Husikii mvutano wowote? Basi umenyanyua, rudi swali la 5.

Mabega yazunguke kwa kufuata mgongo ulivyoinama, la kushoto linashuka kidogo, la kulia linapanda. Mtu akizungusha mabega yakiwa sambamba na ardhi mgongo unanyooka na anakuwa mrefu, afu anapiga juu ya mpira.

7. Lazima mkono wa kushoto unyooke kabisa?

Unyooke bila kukakamaa. Ukiukaza kiwiko kinakaza na bega linafuata. Kukunjika kidogo pale juu sio kosa, ila ukikunjika sana fimbo inakudondokea shingoni na kila kushuka inabidi uunyooshe tena kwa wakati uleule, jambo ambalo hata wazoefu linawashinda.

Kiwiko cha kulia nacho kinakunjwa na kutazama chini. Jack Nicklaus, bingwa wa zamani, alikuwa anakiachia kiende mbali na mwili na bado akashinda mashindano makubwa 18, lakini wewe anza nacho kikiwa karibu na mwili.

8. Vifundo vya mikono nivikunje saa ngapi?

Baada ya kile kituo cha swali la 5. Fimbo ikipita usawa wa kiuno vifundo vinaanza kukunjika kufuata uzito wa kichwa cha fimbo, na mkono wa kushoto ukifika sambamba na ardhi fimbo na mkono viwe kama herufi L. Ukiwa hapo kitako cha mpini kitazame kati ya mpira na vidole vyako vya miguu. Kikitazama mbali zaidi ya mpira fimbo imelala sana, kikitazama miguu yako imesimama sana.

9. Uzito uende wapi? Naambiwa nihamie kulia.

Unaenda kulia ila ndani ya mguu, yani usikie kwenye upande wa ndani wa unyayo wa kulia. Ukihamia nje ya mguu umeyumba. Kuzunguka na kuyumba ni vitu viwili tofauti, na mwenyewe huwezi kusikia tofauti yake mwanzoni, unahitaji kitu kikuambie.

Chukua kiti cha plastiki, kiweke pembeni ya nyonga ya kulia, kibaki na nafasi ya vidole viwili. Rudisha fimbo. Kiti kikisogea umeyumba. Ukizunguka vizuri nyonga ya kulia inaenda nyuma, kiti kinabaki palepale. Njia nyingine ni kusimama makalio yamegusa ukuta kidogo, mikono umekunja kifuani, ukizunguka lile la kulia linabaki ukutani na la kushoto linaachia. Hii unaweza kufanya hata chumbani.

10. Kichwa kisisogee kabisa?

Kikisogea kidogo kulia sawa, hata wakubwa vyao vinasogea. Kisipande na kisishuke. Anayekazana kukigandisha kichwa mara nyingi bega linagonga kidevu na mzunguko unakatika, kwaiyo nyanyua kidevu kidogo, kiachie bega nafasi ya kupita.

## Ukifika juu

11. Fimbo ifike wapi?

Pale mabega yanapoishia kuzunguka. Ndo jibu lote. Wengi wanataka fimbo ilale sambamba na ardhi kule juu kwasababu wameona kwenye video, mabega yameishia nyuzi 70, zile zilizobaki wanazitafuta kwa kukunja mikono na kuachia mpini.

Mchezaji wa kulipwa John Daly fimbo yake ilikuwa inapita kabisa na kuelekea chini upande wa pili, akashinda mashindano makubwa mawili, PGA Championship 1991 na The Open 1995. Mwenzake Jon Rahm bekswingi yake ni fupi, yeye alizaliwa na tatizo la mguu wa kulia na kifundo cha mguu ule hakimruhusu kuzunguka zaidi, akashinda US Open 2021 na Masters 2023. Urefu ni wa mwili wako. Ukiwa na shaka ifupishe, sijaona anayejifunza akaharibikiwa kwa kufupisha.

12. Draiva bekswingi yake ni tofauti?

Mzunguko ni uleule. Fimbo ni ndefu na unasimama mbali zaidi na mpira, kwaiyo inaenda bapa zaidi yenyewe, usiilazimishe. Simama miguu wazi zaidi, mpira uwe usawa wa kisigino cha kushoto, na mwanzo wa kurudisha fimbo ipite chini kabisa, karibu na ardhi, kwa umbali mrefu kidogo. Ukiinyanyua ghafla draiva inashuka wima na mpira unapaa juu hauendi mbali.

13. Nirudishe haraka au polepole?

Wachezaji wengi wa kulipwa kurudisha kwao kunachukua muda kama mara tatu ya kushuka, awe mtu wa haraka awe wa polepole. Kwaiyo hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu unafika juu, na moja unapiga. Polepole kupita kiasi nako kunaharibu, unafika juu mwili umelala, mikono inashtuka na kuanza kuvuta.

## Mpira ukikataa

14. Kila mpira unakata kwenda kulia, nifanyeje?

Ndo ugonjwa wa wengi. Maana yake uso wa fimbo unafika ukiwa wazi kulinganisha na njia fimbo inayopita, na mara nyingi njia yenyewe inatoka nje kuja ndani. Kabla hujageuza chochote kagua mambo matatu kwa mpangilio huu: mkono wa kushoto unaona fundo ngapi (swali la 4), uso wa fimbo kwenye kile kituo cha usawa wa paja (swali la 5), na pale juu kifundo cha mkono wa kushoto. Kifundo kikiwa kimekunjika kuelekea nyuma, yani mgongo wa kiganja na mkono vinafanya kikombe, uso umefunguka. Kinyooshe. Wengi wanaponea hapa.

Kulenga kushoto zaidi ili mpira ukikata urudi katikati ni kuukuza ugonjwa.

15. Nachimba ardhi kabla ya mpira, saa nyingine napiga kichwani mwa mpira.

Yote mawili chanzo ni kimoja, umepanda au umeyumba kwenye bekswingi na hukurudi palepale. Zoezi la kiti na ukuta, swali la 9. Na usijifunzie kuchimba kwenye ardhi kavu ya kiangazi, inaumiza vifundo na kuharibu fimbo, weka kipande cha zulia kuukuu.

16. Kusi likivuma nafanyaje?

Miezi ile ya katikati ya mwaka kusi linakuja na nguvu na watu wanaanza kupiga kwa hasira kushindana nalo. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapanda zaidi, upepo unauchukua vizuri kabisa. Chukua fimbo kubwa zaidi, kama ulikuwa unapiga 7 chukua 6 au 5, simama miguu wazi zaidi, bekswingi iishie mikono ikiwa usawa wa bega, piga kwa utulivu.

## Mwili na mavazi

17. Mimi ni mzee wa sitini na kitu, mgongo hautaki kuzunguka.

Shikamoo mzee wangu. Geuza unyayo wa kulia utazame nje kidogo, na kisigino cha kushoto kiachie kinyanyuke ukizunguka, Nicklaus alifanya hivo miaka yote. Vitu hivyo viwili vinaifungua nyonga na mgongo haubebi kazi yote. Fupisha bekswingi bila wasiwasi (swali la 11). Pasha mwili dakika kumi kwanza, na mgongo ukichoma, kuwaka au ganzi ikishuka mguuni acha, muone daktari kabla ya kuendelea.

18. Navaa baibui na hijabu, nitaweza?

Utaweza dada, bila kupunguza stara yako. Kinachosumbua ni mikono mipana, inanasa kwenye mpini na kukuficha usione kiwiko. Vaa mikono ya kubana chini, au ifunge kwa raba ya nywele, baibui liwe na upana wa kutosha miguu kukaa wazi, na mtandio uchomekwe ndani usipeperuke usoni wakati unazunguka.

## Sheria zinazogusa bekswingi

19. Nikirudisha fimbo nikaghairi, inahesabiwa?

Haihesabiwi. Pigo ni fimbo kwenda mbele kwa nia ya kuupiga mpira. Hata ukiwa unashuka ukaisimamisha kwa makusudi kabla haijafika sio pigo. Ila ukikusudia kupiga ukakosa, limehesabiwa.

20. Kwenye mchanga wa banka (lile shimo la mchanga uwanjani) fimbo ikigusa nyuma?

Ukigusa mchanga na fimbo kwenye bekswingi ndani ya banka ni adhabu ya mapigo mawili. Tuliozoea kufanyia ufukweni hili linatukamata sana, maana kule unaburuza tu na hamna wa kukuambia. Ukifanya mazoezi mchangani zoea kuishika fimbo juu kidogo tangu mwanzo.

Na tawi je? Ukiwa chini ya mti wa matawi ya chini kama mkorosho, tawi likivunjika kwenye bekswingi na ukamalizia kupiga hamna adhabu. Ukilivunja kwenye swingi ya majaribio, au ukasimama katikati baada ya kulivunja, na njia yako ikawa nyepesi, hiyo ni adhabu.

## Kujifunza mwenyewe

21. Nijirekodi vipi na simu?

Hapa watu wanajidanganya bila kujua, maana simu ikikaa vibaya inakuonyesha kosa ambalo huna. Video ni mbili. Ya kwanza simu iwe nyuma yako, kulia, kwenye mstari wa mikono yako na sio wa mpira, inatazama unakolenga. Ya pili iwe mbele yako inatazama kifua. Zote urefu wa mikono yako ukiwa umesimama kwenye mpira. Usiiweke chini mchangani ikatazama juu, fimbo itaonekana imesimama kuliko ilivyo, na usimpe mtoto aishike, atatembea nayo.

Angalia vituo vitatu tu ukiisimamisha: fimbo sambamba na ardhi (swali la 5), mkono wa kushoto sambamba na ardhi (swali la 8), na juu kabisa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mtu anaona makosa manne anataka kuyarekebisha yote jioni hiyohiyo, wiki ijayo hajui hata anasimamaje.

22. Nifanye kwa muda gani kwa siku?

Dakika kumi au kumi na tano kila siku zinashinda masaa matatu ya Jumapili. Taratibu, na mengi bila mpira. Kunja kanga uiweke kifuani ikipita chini ya makwapa yote mawili, fanya swingi fupi za nusu, ikidondoka mikono imeachana na mwili. Mwezi wa Ramadhani fanya baada ya tarawehe au muda mfupi kabla ya futari, mchana na joto letu hili utajiumiza bure.

23. Mimi ni wa mashoto na fimbo zote zilizopo ni za kulia.

Fimbo za mashoto kweli ni ngumu kupatikana huku. Kama hujaanza kabisa, jifunze kwa kulia, mkono wako wenye nguvu ndo utakuwa wa mbele, ule unaoongoza fimbo kwenye bekswingi, na wengi wanaona kile kituo cha swali la 5 kinawajia mapema. Phil Mickelson, mchezaji wa kulipwa, ni mtu wa kulia kwa kila kitu, akajifunza gofu kwa kushoto akiwa mdogo kwa kumwangalia baba yake akiwa amesimama mbele yake, na ndivyo alivyocheza maisha yake yote. Kama tayari unapiga kwa kushoto na unapiga vizuri usibadilishe, agiza namba 7 moja tu ya mashoto kwa anayesafiri Dar, hiyo moja itakutosha muda mrefu.